Motokari ya Kusukuma

Mwambie mtu wa Kolwezi kwamba unatafuta "motokari ya kusukuma", atakucheka. Atadhani betri yako imekufa, na kwamba sasa unahitaji vijana wanne wenye misuli wa kukusaidia kuiwasha. Lakini wako vijana mjini hapa, na wenzao Lubumbashi, Dar es Salaam na Nairobi, ambao wana jambo jingine moyoni. Wanaota motokari ndogo, ya bei inayoweza kufikiwa na mtu anayeishi kwa mshahara, yenye injini inayoendesha magurudumu ya nyuma, na yenye kumpa dereva raha ya kuendesha. Ukikaa nao jioni penye gereji, utasikia mabishano marefu juu ya uzito, difu na mipira. Utasikia pia kwamba kila sentensi ya tatu inaingia Kifaransa, au inaishia kwenye mikono, kwa sababu neno limekosekana.

Nina hoja mbili. Ya kwanza ni kwamba hamu ya vijana hao si upuuzi. Ya pili ni kwamba sisi wa kitivo cha lugha tuna deni kwao, na deni hilo linalipika.

Tuanze na motokari yenyewe. Katika motokari nyingi ndogo za leo, magurudumu ya mbele yanafanya kazi mbili kwa wakati mmoja: yanageuza motokari na pia yanaivuta. Katika zile zinazopendwa na vijana hawa kazi imegawanywa. Magurudumu ya mbele yanageuza, ya nyuma yanasukuma. Ukikanyaga mafuta, uzito wa motokari unaegemea nyuma, na magurudumu yanayosukuma yanazidi kushika barabara. Usukani unabaki mwepesi na mkweli: unasikia barabara mikononi bila kuvutwavutwa na injini. Na katika kona dereva anaweza kutumia mguu wake, si mikono peke yake, kuamua motokari ielekee wapi. Hicho ndicho wanachokitafuta. Mbio za kilomita 200 kwa saa haziwahusu sana, maana motokari nyepesi inamfurahisha mtu hata kwenye mwendo wa 60.

Mifano inajulikana. Toyota Corolla ya aina ya AE86, iliyotengenezwa kuanzia 1983 hadi 1987, ilikuwa na injini ya lita 1.6 na uzito wa chini kidogo ya tani moja. Mazda MX-5 ilitoka mwaka 1989 ikiwa na injini ya ukubwa kama huo na uzito kama huo. Huku kwetu, ambako motokari zinatoka Japani, zinashushwa Dar es Salaam, zinapita Zambia na kuingia Kasumbalesa zikiwa na usukani wa kuume, jina linalotajwa zaidi ni Toyota Altezza. Hiyo ilitengenezwa kuanzia 1998 hadi 2005. Si nyepesi kama zile mbili, lakini ina milango minne, familia inaingia, na inasukuma kwa nyuma.

Kwa nini basi motokari za namna hiyo zimeadimika? Sababu ni za kiufundi na za kibiashara. Mwaka 1959 Uingereza ilitoa Mini, kazi ya mhandisi Alec Issigonis, ambaye aliilaza injini kwa upana na kuacha magurudumu ya mbele yavute. Injini, giaboksi na ekseli vikawa kitu kimoja. Hapakuwa tena na ule mtaimbo mrefu unaopita chini ya sakafu kupeleka nguvu nyuma, kwa hiyo nafasi ya abiria iliongezeka na gharama ikapungua. Volkswagen Golf ya 1974 ilithibitisha kwamba njia hiyo inafaa kwa motokari ya kila familia. Toyota walifuata: Corolla za kawaida zilianza kuvuta kwa mbele mwaka 1983, na Starlet mwaka 1984. Vitz ya 1999 na IST ya 2002, ambazo tunakutana nazo kila siku barabarani, ni watoto wa uamuzi huo.

Mtengenezaji hakukosea. Mama anayepeleka watoto shuleni na unga sokoni hana haja ya kujua gurudumu lipi linafanya kazi. Lakini matokeo yake ni kwamba msukumo wa nyuma ulibaki katika makundi mawili. Kundi la kwanza ni motokari za watu wenye fedha: BMW, Mercedes, na zile Toyota kubwa kama Mark X. Kundi la pili ni motokari za kazi, kama Hiace. Kwa hiyo mwanafunzi wa Kolwezi anayetamani kupanda kitu kinachosukumwa kwa nyuma ana nafasi hiyo kila asubuhi kwa nauli ya basi, akiwa amebanwa kati ya abiria wawili na gunia la makaa. Toyota na Subaru walipotoa tena motokari ndogo ya namna hiyo mwaka 2012, ile GT86 na pacha wake BRZ yenye nguvu za farasi 200, mashabiki walishangilia dunia nzima, lakini bei yake haikuwa ya huku kwetu. Kinachobaki mikononi mwa kijana wetu ni Altezza iliyotoka kiwandani mwaka 2005 au kabla ya hapo, iliyokwisha kuwa na wenyewe wawili au watatu, na ambayo vipuri vyake vinatafutwa kama dawa.

Wengine watasema: barabara zetu hazifai kwa michezo hiyo. Kuna vumbi, kuna matope ya Januari, kuna malori ya shaba yaliyofuatana kutoka Kolwezi hadi Likasi. Jibu liko katika historia ya Afrika Mashariki yenyewe. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, na kwa zaidi ya miaka thelathini yalikuwa uwanja ambapo motokari zinazosukuma kwa nyuma zilipambana na vumbi na matope. Peugeot 404 ilishinda mwaka 1963, kisha mara tatu mfululizo kuanzia 1966 hadi 1968. Mwaka 1974 Joginder Singh wa Kenya alishinda akiwa na Mitsubishi Lancer ya lita 1.6, motokari ndogo ambayo ndugu zake wa kawaida waliuzwa kwa walimu na makarani, na akarudia tena mwaka 1976. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alishinda mara nne mfululizo na Datsun kuanzia 1979 hadi 1982, juu ya ushindi wake wa kwanza wa 1973. Ni mwaka 1987 tu ndipo motokari inayotumia magurudumu yote manne iliposhika nafasi ya kwanza. Kwa hiyo anayesema kwamba motokari ndogo ya kusukuma ni kitu cha lami ya Ulaya amesahau nani aliwafundisha Wajapani kwamba vyuma vyao vinadumu. Tuliwafundisha sisi, kwa barabara zetu.

Sasa niingie kwenye kazi yetu.

Kifaransa kina maneno mawili mafupi: traction kwa inayovuta kwa mbele, propulsion kwa inayosukuma kwa nyuma. Citroën waliita motokari yao ya 1934 kwa jina hilo la kwanza, Traction Avant, na watu wakalizoea. Kiingereza hakikufuata njia hiyo. Kinataja tu gurudumu linaloendeshwa, la mbele au la nyuma, bila kusema linafanya nini. Kiswahili, kwa bahati nzuri, kinafikiri kama Kifaransa kwa jambo hili. Tunavyo vitenzi viwili vya Kibantu, vizuri na vya zamani: kuvuta na kusukuma. Mtoto wa miaka mitatu anajua tofauti yake. Tatizo linaanza tunapotaka kutengeneza jina.

"Motokari ya kusukuma" tumeona inaleta picha gani. Muundo wa nomino na kihusishi -a na kitenzi-jina hauonyeshi nani anatenda na nani anatendwa: "maji ya kunywa" yananywewa, "mtu wa kunywa" anakunywa. Masikio yetu yanachagua maana iliyo ya kawaida zaidi, na maana ya kawaida ni motokari iliyokufa njiani. Tukijaribu jina dhahania, "motokari ya mvuto", tumefanya vibaya zaidi, maana tumesema inapendeza. Tukiongeza kiambishi cha kutendea, "inasukumia nyuma", tunapata utata wa mahali na mwelekeo: inasukuma ikiwa nyuma, au inasukuma kitu kielekee nyuma? Tukiiga "kipazasauti" na kusema "kisukumanyuma", tunasahau kwamba katika kipazasauti sauti ndiyo inayopazwa, lakini hapa nyuma haisukumwi na mtu.

Nimewasikiliza mafundi wa Kolwezi, na nimekuta kwamba wao wamekwisha kulitatua. Wanasema: "ile inasukuma na nyuma", na "ile inavuta na mbele". Hiyo "na" ni ile yetu ya Katanga, inayotaja chombo cha kutendea, kama mtu anayesema amekata nyama na kisu. Msahihishaji wa Kiswahili sanifu ataweka "kwa" mahali pake, na mimi katika makala haya nimefanya hivyo. Lakini angalia kazi iliyofanyika: kishazi kifupi, kitenzi chenye mtenda wake, chombo kimetajwa, utata hakuna. Fundi aliyeacha shule darasa la sita ametatua tatizo ambalo mimi ningelipeleka kwenye semina. Tukitaka nomino, tunaweza kuijenga juu ya msingi wake: "msukumo wa nyuma", "mvuto wa mbele". Zikienda pamoja, ile maana ya kupendeza inakufa yenyewe, kwa sababu hakuna mtu anayependeza mbele tu.

Je, hili lina uzito wowote, au ni mchezo wa wanaisimu? Lina uzito, na uzito wake unaweza kupimwa kwa damu.

Motokari inayovuta kwa mbele ikiingia kona kwa kasi kuliko inavyoweza, kwa kawaida pua yake ndiyo inayoteleza: unageuza usukani, lakini yenyewe inaendelea kwenda moja kwa moja. Inayosukuma kwa nyuma ukiizidishia mafuta katika kona, mkia ndio unaotoka, na motokari inataka kujizungusha. Dawa za makosa hayo mawili hazifanani. Pua ikiteleza, unaachia mafuta polepole na kupunguza ulichogeuza ili magurudumu ya mbele yashike tena. Mkia ukiteleza, unalegeza mafuta bila kushtuka, unaelekeza usukani upande ule ambao mkia unakimbilia, na hukanyagi breki kwa nguvu. Kifaransa kina neno moja kwa kila kosa. Kiswahili cha wanaofundisha udereva, kwa kadiri nilivyokisikia, kina neno moja kwa yote mawili: "inateleza". Na ushauri ni mmoja: "punguza mwendo." Huo ni ushauri mzuri kabla ya kona. Ndani ya kona ni ushauri uliochelewa.

Fikiri kijana aliyejifunza kwenye IST ya mjomba wake, kisha akanunua Altezza baada ya miaka mitano ya kuweka akiba. Mvua ya kwanza ya Oktoba inanyesha, lami ina tope la malori. Anachohitaji wakati huo hakipatikani kamusini. Kinapatikana kichwani mwake, kama alikuwa amefundishwa kwa maneno aliyoyaelewa. "Pua imetoka" na "mkia umetoka" yangetosha. Ni maneno ya nyumbani, yanakumbukwa hata na mtu aliyeogopa. Lakini lazima yafundishwe, na ili yafundishwe lazima mtu ayakusanye, ayapatanishe, na kuyaandika.

Kukusanya maneno ya kazi si jambo geni katika mkoa huu, ila tuangalie limefanywa na nani na kwa faida ya nani. Johannes Fabian, katika kitabu chake cha 1986 juu ya lugha na mamlaka ya kikoloni, alionyesha namna vitabu vidogo vya Kiswahili vilivyoandikiwa Wazungu wa Kongo vilivyojaa amri. Bwana alihitaji kusema njoo, beba, fanya upesi. Hakuhitaji kuelezwa kitu na mfanyakazi wake. Kiswahili cha mashine kilizaliwa kikiwa lugha ya kuamrishwa. Kuna mfano wa upande mwingine. Mwaka 1965 André Yav aliandika historia ya Elisabethville, mji tunaouita leo Lubumbashi, kwa niaba ya watu waliokuwa wafanyakazi wa nyumbani, kwa Kiswahili chao wenyewe. Waliiita "vocabulaire". Ni historia, lakini walichagua kuiita msamiati. Mimi naliona jina hilo kama somo: mwenye kutaja vitu kwa maneno yake ameanza kusimulia maisha yake.

Na sasa kuna sababu ya haraka zaidi, inayotoka chini ya miguu yetu. Motokari za umeme zimerudisha msukumo wa nyuma kwa mlango ambao wengi hawakuutegemea. Mota ya umeme ni ndogo, inaweza kukaa penye ekseli ya nyuma yenyewe, na haihitaji ule mtaimbo mrefu wala handaki katikati ya sakafu. Ile hesabu ya 1959 imebadilika. BMW i3 ya 2013 ilisukuma kwa nyuma. Volkswagen, wale wale wa Golf, walipotoa ID.3 mwaka 2020 waliweka mota nyuma. Mwaka huo huo Honda walitoa motokari ndogo sana ya umeme, Honda e, inayosukuma kwa nyuma, ingawa bei yake ilikuwa kubwa na ikaondoka sokoni baada ya miaka michache. Ndoto ya mashabiki, ndogo na ya kusukuma, inawezekana tena. Kilichobaki ni bei.

Sina haja ya kuwaeleza wasomaji wa Lualaba kinachoingia ndani ya motokari hizo. Zinatumia shaba nyingi kuliko za petroli, na betri nyingi, ingawa si zote, zina kobalti. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inatoka Kongo, na sehemu kubwa yake inatoka katika ardhi inayozunguka mji huu. Tunachimba kitu kinachorudisha motokari ambayo vijana wetu wanaitamani, na tunaletewa ile iliyochoshwa na wengine tangu 2005. Siku moja za umeme nazo zitafika Kasumbalesa, zikiwa zimezeeka, na vijana wale wale wa gereji watatakiwa kuzifungua. Maelezo yatakuwa kwa Kijapani, Kichina, Kiingereza na, tukibahatika, Kifaransa. Betri ya namna hiyo ina umeme wa kuua mtu. Je, tutangoja mpaka hapo ndipo tuanze kuulizana neno la Kiswahili?

Nawajua watakaopinga. Mwalimu mmoja atasema kwamba lugha ya gereji ni ya wahuni, haifai kazi ya mwisho wa masomo. Namwomba kwa heshima akumbuke kwamba lugha yoyote ya ufundi ilianza vinywani mwa watu wenye mikono michafu. "Gereji" lenyewe halikutoka kitivoni. Mwanafunzi mwenzangu atasema kazi ya istilahi ni ya BAKITA, iliyoundwa kwa ajili hiyo mwaka 1967. Lakini BAKITA ni baraza la Tanzania. Huko fundi anasema klachi, huku anasema ambreyaji. Katiba yetu ya 2006 inakitaja Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa, na haikusema kwamba wengine watatufanyia kazi yake. Wa tatu atauliza kwa nini tuzungumze juu ya motokari za raha katika mji wenye shida ya maji. Swali hilo ni la haki. Jibu langu ni kwamba watu wanaochimba mali ya dunia wana haki ya kutamani pia, na kwamba msamiati wa breki, betri na mkia unaoteleza unamsaidia hata yule ambaye hatanunua Altezza kamwe, kwa sababu yumo ndani ya basi.

Napendekeza kazi ndogo, isiyohitaji bajeti. Kila mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa lugha za Kiafrika achague gereji moja, aende mara tano, aandike maneno 50: jinsi fundi anavyolisema, sentensi aliyolitumia, neno la Kifaransa, na neno la Kiswahili sanifu kama lipo. Palipo na maneno mawili yanayoshindana, tuwaulize wanaofundisha udereva lipi linaeleweka upesi zaidi. Tusitunge neno lolote kabla ya kuhakikisha kwamba halipo tayari mtaani. Kisha tuchape karatasi moja, pande mbili, ya kubandikwa ukutani penye gereji na shule za udereva. Walimu wetu watupe alama kwa kazi hiyo kama wanavyotoa kwa uchambuzi wa shairi.

Maneno ya kwanza nimekwisha kuyatoa: msukumo wa nyuma, mvuto wa mbele, pua imetoka, mkia umetoka. Anayeyaona mabaya alete mazuri zaidi kabla ya mvua.